Kati ya Pigo na Pigo

Fundi anayejua kusoma disketi za zamani haanzi kwa kuitia disketi kwenye mashine. Anaanza kwa kuitazama. Kama ni ile pana ya inchi 5.25, yenye ganda jeusi linalopindika, anaishika ukingoni, anaisogeza chini ya taa, kisha anaizungusha taratibu kwa kidole huku akichungulia kidirisha kirefu ambamo utando wa kahawia unaonekana. Anatafuta madoa meupe ya ukungu. Anatafuta mikwaruzo ya mviringo, alama ya draivu chafu iliyopita hapo kabla yake. Halafu anatafuta kitundu kidogo kando ya tundu kubwa la katikati, na anapoendelea kuzungusha anahesabu vitundu vinavyopita: kimoja, kumi na kimoja, au kumi na saba? Kikiwa kimoja, mashine iliyoandika ilijipimia yenyewe mahali pa kuanzia kila kipande cha maandishi. Vikiwa vingi, vipande vilipimwa kiwandani, na disketi hiyo ni ya ukoo mwingine kabisa, kama ule wa kompyuta za North Star. Umeme bado haujawashwa, lakini mashine nyingi zimekwisha kutengwa.

Kabla ya hatua nyingine yoyote anahakikisha kwamba hakuna kitakachoandikwa juu yake. Disketi ya inchi 5.25 ina pengo dogo ubavuni, na pengo hilo likizibwa kwa karatasi yenye gundi, draivu hukataa kuandika. Ile ngumu ya inchi 3.5 ina kidirisha cha plastiki, nayo hulindwa kwa kukifungua. Zile kubwa za inchi 8 ni kinyume na za inchi 5.25: pengo lililozibwa ndilo linaloruhusu kuandika. Asiyejua tofauti hii anaweza kuifuta kazi ya mtu akiamini kwamba ameilinda.

Nimeifuatilia kazi hii kwa muda mrefu, kwanza kwa kusoma habari zake, baadaye kwa mikono yangu, na heshima yangu kwa wanaoijua vizuri imeongezeka kila mwaka. Watu wengi hudhani kwamba disketi ikiingia kwenye draivu basi inasomeka. Chukua disketi ya inchi 3.5 iliyoandikwa na Macintosh ya miaka ya 1980, kisha uitie kwenye kompyuta ya kawaida ya aina ya IBM. Plastiki ni ileile, kipimo ni kilekile, hata boksi la dukani lilikuwa moja. Itaingia bila shida. Kisha kompyuta itakwambia kwamba disketi haijafomatiwa, na itauliza kwa adabu kama ungependa iifomati sasa. Maana yake inakuomba ruhusa ya kufuta kila kitu, kwa sababu tu maandishi yaliyomo si ya lugha yake.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mababu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na katika hati nyingi herufi moja ya *be* ilisimama mahali pa b, p na mb, huku alama moja ya irabu ikibeba i na e, na nyingine u na o. Anayezijua herufi bila kuijua lugha hutamka tu sauti zisizo na maana. Hati husomwa na yule anayejua mwandishi alikusudia nini, kwa kanuni zipi. Disketi iko hivyohivyo, na pengine zaidi, kwa sababu yenyewe haina hata herufi.

Ndani ya disketi kuna nini hasa? Utando wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, ndugu wa karibu wa kutu. Kichwa cha draivu hupita juu yake kwenye maduara yaliyo moja ndani ya jingine, na kila mahali ambapo mwelekeo wa sumaku unageuka, draivu hutoa pigo moja la umeme. Hakuna pigo lenye maana zaidi kuliko jingine. Hakuna pigo la moja wala pigo la sifuri. Kilichohifadhiwa ni muda uliopita kati ya pigo na pigo.

Aliyekaa karibu na ngoma ataelewa haraka. Mpigaji anaweza kupiga kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na bado ukaitambua ngoma kwa nafasi za kimya alizoziacha. Kwenye disketi ya kawaida ya IBM, ile ya kilobaiti 360 au 720, nafasi hizo ni za aina tatu tu: mikrosekunde nne, sita au nane, yaani sehemu nne, sita au nane kati ya sehemu milioni za sekunde moja. Disketi inazunguka mara 300 kwa dakika, hivyo duara moja hupita kwa moja ya tano ya sekunde, likiwa na makumi ya maelfu ya mapigo. Na ili msomaji ajue kipande kinaanzia wapi, waandishi wa kanuni hiyo walibuni alama ambayo kwa makusudi inavunja kanuni yenyewe, mpangilio wa mapigo usioweza kutokea ndani ya maandishi ya kawaida. Ni ufundi mzuri sana: kosa moja la hiari, lililowekwa mlangoni ili litambulike.

Laiti wote wangepiga ngoma hiyo moja. IBM ilitoa disketi ya kwanza mwaka 1971, ya inchi 8, iliyobuniwa kwenye maabara zake za San Jose, California, kwa ajili ya kuzipakia kompyuta kubwa maagizo yao ya kuanzia. Mwaka 1973 ikaja ile ya mashine za 3740, yenye maduara 77, vipande 26 kwenye kila duara, baiti 128 kwenye kila kipande, na mpangilio huo ukawa kwa miaka kadhaa kitu cha karibu zaidi na lugha ya wote. Halafu mwaka 1976 kampuni ya Shugart Associates ikatoa draivu ndogo ya inchi 5.25. Draivu iliuzwa kwa bei ambayo watengenezaji wadogo waliimudu, lakini haikuuzwa pamoja na sheria ya namna ya kuandika. Kila aliyeinunua alijitungia.

Steve Wozniak wa Apple aliichukua draivu hiyo, akaondoa sehemu kubwa ya saketi zake, na kazi iliyokuwa ya chipu akaikabidhi programu. Draivu yake, Disk II, ilipotoka mwaka 1978 iliweka vipande 13 kwenye kila duara. Msimbo wake ulikataza sifuri mbili, yaani nafasi zisizo na pigo, zifuatane, kwa hofu kwamba kimya kirefu kingeipoteza hesabu ya saa. Baadaye ikaonekana kwamba saketi inaweza kuvumilia sifuri mbili mfululizo, na kwa ruhusa hiyo ndogo tu, draivu ileile na disketi zilezile zikaanza kubeba vipande 16. Commodore nao, kwenye draivu ya 1541 ya mwaka 1982, waliona kwamba duara la nje ni refu kuliko la ndani, basi wakaweka vipande 21 kwenye maduara ya nje na kupunguza kidogokidogo hadi 17 ndani. Orodha ya mafaili waliiweka kwenye duara la 18, katikati, ili kichwa kisitembee mbali. Macintosh ya mwaka 1984 ililitatua jambo hilohilo kwa kubadili kasi ya mota: kasi tano tofauti kadiri kichwa kinavyoelekea ndani, na waliozitumia mashine hizo wanaukumbuka mlio wake unaopanda na kushuka. Amiga ya Commodore ya mwaka 1985 iliandika duara zima kwa mkupuo mmoja, ikaokoa nafasi tupu zilizokuwa kati ya vipande, na pale ambapo IBM ilitosheleza vipande 9, yenyewe ikaweka 11.

Wapo wanaoiita hali hiyo vurugu. Mimi sikubaliani nao. Kila moja ya lugha hizi ilitungwa na mtu aliyekuwa akiibana kila senti na kila chipu, na ukizichunguza moja moja unaona akili ikifanya kazi. Tatizo lilikuja baadaye, mashine zilipokufa na disketi zikabaki.

Kwa miaka mingi njia pekee ilikuwa kuitafuta mashine yenyewe, au jamaa yake wa karibu, ikiwa hai. Kompyuta ya kawaida haikuweza kusaidia, na sababu yake inafaa kuelezwa. Ndani ya IBM PC ya mwaka 1981 kulikuwa na chipu ya NEC iliyosimamia draivu. Chipu hiyo ilisikiliza mapigo, ikayatafsiri kwa kanuni ilizozijua, ikakabidhi baiti zilizokamilika. Mapigo yasiyofuata kanuni zake ilinyamaza nayo. Kompyuta haikuwahi kuyasikia. Ni sawa na kuwa na mkalimani anayejua lugha moja, na kila asemaye lugha nyingine mkalimani anakuambia kwamba huyo mtu ni bubu.

Ufumbuzi ulikuwa kumwondoa mkalimani. Vifaa kama Catweasel, kisha KryoFlux ya Software Preservation Society, kisha Greaseweazle ambayo Keir Fraser aliibuni na kuziacha programu zake huru kwa yeyote, vinafanya kazi moja ya unyenyekevu: vinapima muda kati ya kila pigo na pigo, na kuuandika kama ulivyo. Havijaribu kuelewa. Duara likizunguka mara tatu au tano, vinarekodi mizunguko yote. Maana inatafutwa baadaye, kwa programu, bila haraka, wakati disketi imekwisha kurudishwa kwenye bahasha yake.

Matokeo yake bado yananishangaza. Draivu ya kawaida ya PC, inayozunguka kwa kasi moja tu ya mizunguko 300 kwa dakika, inaweza kusoma disketi ya Macintosh iliyoandikwa kwa kasi tano. Maduara yaliyoandikwa kwa kasi kubwa yatatoa mapigo yaliyovutika, yenye nafasi ndefu kuliko zilivyokusudiwa. Lakini ndani ya duara moja yamevutika yote kwa kiasi kilekile, kwa hiyo uwiano wake haujapotea, na hesabu ndogo inayarudisha mahali pake. Mota iliyokuwa ikiimba imegeuka kuwa tarakimu ya kugawanya.

Hata hivyo kifaa hakimfanyi mtu kuwa fundi. Ustadi unaonekana disketi inapokataa.

Chukua upana wa maduara. Draivu nyingi za zamani za inchi 5.25 ziliandika maduara 40. Zile za kilobaiti 1,200 zilizokuja na kompyuta ya IBM PC AT mwaka 1984 zina 80 kwenye nafasi ileile, na kichwa chake ni chembamba. Kichwa chembamba husoma duara pana vizuri, mradi kiruke hatua mbili badala ya moja. Lakini kama kuna mtu aliwahi kuandika juu ya disketi ya zamani kwa draivu mpya, atakuwa ameacha mstari mwembamba katikati ya mstari mpana, na kingo za maandishi ya kwanza zimebaki pande zote mbili. Draivu pana ikisoma hapo husikia sauti mbili kwa pamoja. Fundi anayekutana na kelele kama hiyo huitambua kwa umbo lake, akabadili draivu, na sauti moja ikanyooka.

Au chukua draivu iliyoandika ikiwa imepotoka. Miaka arobaini iliyopita kichwa chake kilikuwa kimesogea kidogo upande mmoja. Mwenyewe hakujua, kwa sababu ilisoma vizuri kila ilichokiandika yenyewe. Leo draivu iliyonyooka inakosa maandishi hayo. Fundi huchukua draivu aliyoitenga kwa kazi hiyo tu, analegeza skrubu, na kukisogeza kichwa kwa kiasi kisichozidi unene wa unywele huku akitazama mapigo kwenye skrini, mpaka naye awe amepotoka kama alivyopotoka mwandishi. Sijui kazi nyingine ninayoiheshimu kuliko hii. Anaifuata njia ya mtu asiyemjua, pamoja na kosa lake.

Anajuaje kwamba amefika? Mwishoni mwa kila kipande mashine ya IBM iliandika baiti mbili za uhakiki, zinazotokana na hesabu juu ya baiti zote zilizotangulia. Hesabu ikilingana, kipande ni kizima. Isipolingana, anakisoma tena: mzunguko wa pili, wa tatu, draivu nyingine, kesho asubuhi baada ya kusafisha kichwa. Mara nyingi kipande kilichoshindikana mara tisa hukubali mara ya kumi, na mara moja inatosha. Duara zima linaweza kuungwa kwa vipande vilivyopatikana siku tofauti.

Kisha, baiti zote zikiwa mkononi, huanza usomaji wa pili. Hapa ndipo disketi za mfumo wa CP/M zinapomjaribu mtu. CP/M ilitumiwa na mashine za watengenezaji wengi mno, zikiwemo Osborne na Kaypro, na kila mmoja aligawa disketi apendavyo bila kuacha ndani yake maelezo ya mgawo huo. Mashine ilijua, basi ikatosha. Zaidi ya hayo, vipande havikufuatana kwa namba. Kwenye disketi ya kawaida ya inchi 8, baada ya kipande cha 1 faili huendelea kwenye cha 7, kisha cha 13, cha 19, cha 25, kisha hurudi kwenye cha 5. Kompyuta ilikuwa polepole, ilihitaji muda wa kumeza kipande kimoja kabla kingine hakijapita chini ya kichwa, basi wakaviruka vitano katikati.

Fundi asiye na maelezo hutegemea maandishi yenyewe. Anafungua vipande mfululizo na kusoma. Sentensi inakatika baada ya baiti 128, katikati ya neno. Anaitafuta nusu ya pili kwenye vipande vingine mpaka aione, anaandika tofauti ya namba, anajaribu tofauti hiyo kwenye sentensi inayofuata. Sentensi tatu zikiungana kwa hatua ileile, mgawo umejulikana. Akiona pia kwamba herufi ya mwisho ya karibu kila neno imegeuka kuwa alama ya ajabu huku nyingine zikiwa sawa, hashtuki. Hiyo ni WordStar, programu ya kuandikia iliyokuwa na desturi ya kuiwasha biti ya nane kwenye herufi inayofunga neno. Anajua sasa mashine iliandikaje, na mwandishi alitumia programu gani.

Mfano mmoja wa kazi hii ni wa Gene Roddenberry, mtunzi wa tamthilia ya televisheni ya *Star Trek*, aliyefariki mwaka 1991 akiacha karibu disketi 200 za inchi 5.25. Aliziandika kwa kompyuta mbili zilizotengenezwa maalumu kwa ajili yake. Moja iliuzwa mnadani, na iliyobaki haikuweza tena kufanya kazi. Kampuni ya DriveSavers ya California ilizipokea disketi bila mashine iliyozielewa, na wahandisi wake walitumia takribani miezi mitatu kuandika programu ya kuzisoma. Kazi ilipotangazwa mwaka 2016, karibu zote zilikuwa zimesomeka. Yaliyomo yalibaki kuwa siri ya wenyewe, na hilo nalo ninaliheshimu: msomaji wa disketi hukabidhi, hatangazi.

Kisa cha mchoraji Andy Warhol kilikwenda hatua moja mbele. Mwaka 1985 Commodore ilimwalika kuchora kwa Amiga mbele ya hadhira New York, na disketi zake zikaishia kwenye makumbusho yenye jina lake, huko Pittsburgh. Msanii Cory Arcangel ndiye aliyeanza kuziulizia. Klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilizisoma kwa KryoFlux, ikakuta kwamba mafaili yaliandikwa kwa fomati ambayo hakuna programu iliyoitambua. Wakaichambua fomati yenyewe mpaka picha zikaonekana, na mwaka 2014 dunia ikaziona.

Kuna jambo moja nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nililifanya. Niliwahi kuitia kwenye draivu disketi iliyokaa miaka kwenye kabati la nyumba ya pwani, bila kuitazama kwanza. Nilisikia mkwaruzo, nikangoja sekunde kadhaa nikidhani utaisha. Nilipoitoa, kulikuwa na duara jeupe ambapo utando wa kahawia ulikuwa umekwanguliwa hadi plastiki ikaonekana. Ukungu ulikuwa umeushika utando, na kichwa kikakwangua ukungu huo pamoja na unga wa oksidi. Hakuna draivu wala programu itakayorudisha kilichokuwa pale. Fundi angelifungua ganda kwa wembe, akautoa utando, akaufuta kwa pamba na alkoholi safi ya aisopropili, akauacha ukauke, kisha angeutia kwenye ganda jingine safi na kuusoma mara moja tu.

Joto na unyevu wa pwani yetu ni adui wa vitu hivi. Na vipo: kwenye madawati ya shule, kwenye makabati ya ofisi, kwenye masanduku ya walimu wastaafu walioandika tasnifu, kamusi na tamthilia zao kwa kompyuta za miaka ya 1990. Ukiikuta disketi kama hiyo, iweke mahali pakavu, mbali na spika na jua. Usiibandue lebo hata kama imechakaa. Kama mwenyewe yuko hai, muulize aliiandika kwa kompyuta gani na kwa programu gani, uandike jibu kwenye karatasi uliyoiweka pembeni, kamwe si kwa kalamu juu ya ganda. Itazame kwenye mwanga kabla hujaitia popote. Na kompyuta ikikuuliza kama iifomati, jibu hapana.